Kibanda Kinachosafiri

Kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi katika mji wa Albany, ambako mimi na ahali yangu tumekaa kwa miaka mingi sasa, mbali na mwambao wa Pangani nilikozaliwa, mimi husikia usiku mmoja sauti ya nyundo nyuma ya nyumba ya jirani yetu, na kwa sauti hiyo hujua, pasi na kutazama kalenda, kwamba Siku ya Upatanisho imekwisha, mfungo wa Mayahudi umefunguliwa, na baba yule, ambaye hakutia tone la maji kinywani tangu jua la jana lilipokuwa halijachwa, amekwisha kushika mbao. Ndiyo ada yao: atokaye katika toba asilale kabla hajaanza kujenga. Siku tano baadaye kibanda kimesimama uani, na familia nzima imehamia humo kwa kula na kunywa, kwa kuwa Sikukuu ya Vibanda, ambayo kwa Kiebrania huitwa Sukoti, imeingia. Na siku ya tatu ya sikukuu, asubuhi mapema, gari lao hufunguliwa milango yote, likapakiwa, likaondoka kwenda milimani na kila mtu wa nyumba ile ndani yake.

Nimeitazama safari hiyo kwa miaka mingi nikiwa dirishani, na mwaka mmoja nilipata bahati ya kwenda nao, na rai niliyotoka nayo ni hii: watu wa nyumba moja husafiri pamoja pale tu wanapobeba kitu ambacho hawana ruhusa ya kukiacha nyumbani. Wasiobeba kitu hicho, ingawa wamo ndani ya gari moja na ni wa damu moja, ni abiria ambao nauli yao imelipwa na mtu mmoja. Najua kuwa wengi husema kinyume, kwamba raha ya likizo ni kuiacha mizigo yote nyuma. Mimi pia nilisema hivyo zamani, na nitaeleza hasara niliyoipata.

Siku zilizo katikati

Sikukuu hii huanza siku ya 15 ya mwezi wa Tishri, mwezi ukiwa mpevu, na huchukua siku saba, kisha hufuatwa na sikukuu nyingine ambayo nje ya nchi ya Israeli huongeza siku mbili. Mwezi wao ni wa kuandama kama wetu Waislamu, lakini wao huongeza mwezi mmoja katika baadhi ya miaka, mara saba katika kila miaka 19, ili sikukuu isiuhame msimu wake. Kwa hiyo, ilhali Idi yetu huzunguka mwaka mzima, ikaja mara katika theluji na mara katika joto, kibanda cha jirani yangu hakikosi kukutana na majani mekundu na matufaha yaliyoiva. Siku mbili za mwanzo ni takatifu kabisa: gari haliendeshwi, duka halifunguliwi, fedha haiguswi. Lakini baada yake huja siku za katikati, ambazo si sikukuu kamili wala si siku za kawaida, ambazo sharia yao imezuia kazi za uchumi ila kwa dharura au kwa kuhofia hasara, na imeruhusu mwendo. Nani asiyeona hekima iliyomo? Mtu amekatazwa kazi na hakukatazwa njia. Watoto wake wamefungiwa shule za dini. Chakula kimekwisha kupikwa. Atakwenda wapi ila kutembea na wanawe?

Wala si jambo rahisi kwa mtu wa mshahara. Tangu Mwaka Mpya wao mpaka sikukuu ya kuifurahia Torati, muda wa wiki tatu na siku chache, siku zilizokatazwa kazi ni saba, ukiacha Sabato na ukiacha hizo za katikati, na hapa Marekani hapana sharia ya taifa inayomlazimisha mwajiri wa kampuni kumlipa mfanyakazi siku ambayo hakuja. Jirani yangu hutumia karibu likizo yake yote ya mwaka katika mwezi huo mmoja, na wakati wa joto, watu wengine wanapokwenda ufukweni, yeye yuko kazini. Twayafahamu hayo sisi, kwani mke wangu kwa miaka mingi aliinunua siku ya Idi kwa ujira wake mwenyewe, akarudi kazini siku ya pili yake na hina ingali mbichi mikononi.

Paa la kupitisha nyota

Kibanda chenyewe kina kanuni zake. Kuta zake zisipungue mbili na kipande cha ya tatu. Paa lake liwe la kitu kilichoota ardhini kikakatwa, wala si chuma wala si turubai. Kivuli chake kizidi jua lake. Na kisijengwe chini ya mti wala chini ya dari. Fauka ya hayo, yapendeza nyota zionekane kwa ndani, na desturi ni kwamba paa lisiwe zito hata mvua isiweze kupenya. Mara ya kwanza jirani yangu aliponieleza hayo, mimi niliyekulia chini ya makuti, na niliyemwona baba yangu akipanda juu ya nyumba kila karibu ya masika kutafuta tundu na kuliziba, nilistaajabu sana kusikia habari za watu wanaojenga paa ili livuje.

Kisha nikakumbuka dungu. Kila mtu wa kwetu aliyelima mpunga analijua: vijiti vinne, kitanda cha fito, na majani machache juu, mahali pa kukaa mtoto na kombeo lake mchana kutwa akifukuza ndege mpaka mavuno yaingie ghalani. Sikukuu hii ina jina la pili, Sikukuu ya Kukusanya, kwa sababu ilikuwa ni sikukuu ya wakulima waliomaliza kuvuna, na wako wataalamu wanaoona kuwa kibanda hiki asili yake ni vibanda vya mashambani vya wakati wa mavuno. Torati imekipa maana nyingine, kuwa ni ukumbusho wa vibanda walivyokaa Wana wa Israeli jangwani walipotoka Misri. Sioni kwamba maana hizi mbili zinapingana. Aliyevuna akajaza ghala ndiye hasa anayepaswa kukumbushwa kuwa baba zake waliwahi kulala nje.

Mwanachuoni wao wa karne ya 14, Yakobo bin Asheri, aliuliza swali ambalo kila mwenye akili angeuliza: ikiwa Wana wa Israeli walitoka Misri katika majira ya kuchipua, kwa nini basi kibanda kijengwe wakati wa majani kupukutika? Akajibu kuwa hali ya hewa inapoanza kuwa nzuri kila mtu hutoka nje kwa raha yake, na asingejulikana nani ametoka kwa amri na nani ametoka kwa kupenda. Lakini baridi inapobisha hodi na watu wote wanarudi ndani, atokaye nje amedhihirisha kuwa ametoka kwa sababu. Maneno haya nimeyarudia moyoni mara nyingi. Ndani yake imo tofauti kati ya safari na matembezi.

Fatwa ya wasafiri

Wahenga wetu wana neno zito: msafiri kafiri. Maana yake ni kuwa njia humwondolea mtu ada zake, akala asichokula kwao na akaacha asichokiacha kwao, na watu wakamsamehe. Dini nazo zina huruma kwa msafiri. Sisi tumeruhusiwa kupunguza sala na kufuturu mchana wa Ramadhani, na Talmudi ya Mayahudi imemwambia msafiri wa mchana kuwa kibanda si wajibu wake mchana, mpaka usiku atakapotua. Basi ingekuwa rahisi kwa jirani yangu kusema, mimi ni msafiri, na kuwaingiza wanawe katika mkahawa wowote unaopatana na sharia ya chakula chao.

Lakini rabi Moshe Feinstein, mufti mkubwa wa Mayahudi wa New York, aliyefariki mwaka 1986, aliulizwa mas-ala haya haya ya watu wanaokwenda kutembea siku za katikati, naye akatoa fatwa kuwa ruhusa ile ni ya mwenye haja, kama mfanyabiashara, wala si ya mtu aliyeondoka nyumbani kwa kutaka kufurahi. Huyo, akitaka kula mkate, na atafute kibanda au angoje mpaka arudi. Wako wanaolegeza zaidi. Jirani yangu hakulegeza, na kwa kutolegeza kwake amelazimika kukibeba kibanda garini.

Nacho hubebeka. Mafundisho ya kale ya Mishna, yaliyokusanywa yapata mwaka 200, yamekwisha kutaja kibanda kilichojengwa juu ya gari la kukokotwa, na juu ya jahazi, na hata juu ya ngamia, na kusema kuwa kinafaa. Hiki cha jirani yangu ni mirija myepesi ya bati gumu inayochomekana, kuta za turubai, na jamvi la mianzi la kutandazwa juu. Mtoto wa kwanza huisimamisha mirija. Wa pili, binti wa miaka 12, hufunga mikanda ya kuta kwa nguvu zake zote, kwani ukuta unaopeperushwa na upepo wa kawaida hauhesabiwi kuwa ukuta. Wawili wanaofuata hulichukua jamvi mabegani kama wavuvi wanavyochukua wavu, na kitinda mimba, ambaye hana nguvu ya kuchukua chochote, amepewa kazi ya kuingia wa kwanza, kutazama juu, na kusema kama anaona mbingu.

Njia ya Milima ya Kijani

Mwaka ule tulioalikwa tuliondoka baada ya jirani yangu kumaliza sala yake ya asubuhi, akiwa ameshika kitawi cha mtende pamoja na matawi matatu ya mhadasi na mawili ya mwerebi, na mkono wa pili ameshika lile tunda la jamii ya malimau waliitalo Waarabu utruji, ambalo hununuliwa kwa bei ghali na kutunzwa ndani ya kisanduku kama yai la tunu. Mimi na mke wangu tulifuata nyuma kwa gari letu. Tulipotoka mjini aliegesha pembeni kidogo wakasoma dua ya safari, nasi tukasoma yetu, kisha tukashika njia ya mashariki tukaingia jimbo la Vermont, ambalo jina lake lina asili ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya mlima wa kijani, tukapita mji wa Bennington na kupanda kwa barabara nambari 9 inayokata milima hadi Brattleboro.

Mtu wa mwambao, ambaye kwao mwembe na mnazi haibadili nguo mwaka mzima, hana budi kushika kifua anapoiona milima ile kwa mara ya kwanza. Wenye elimu ya mimea hueleza kuwa kijani cha jani, ambacho ndicho kinachoupikia mti chakula kwa nguvu ya jua, huvunjika siku zinapokuwa fupi, na hapo umanjano uliokuwa umefichwa chini yake tangu jani lilipochanua hudhihiri. Ama wekundu wenyewe hutengenezwa wakati uleule, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mti unaoongoza kwa wekundu ni mepoli, mti wa heshima wa jimbo lile, ambao kila mwisho wa baridi hugemwa kama mnazi unavyogemwa kwetu, na utomvu wake ukachemshwa, lita kama 40 kwa lita moja ya asali yake.

Tulisimama kwanza katika shamba la matufaha. Hapa niliona jambo dogo lililonifunza sana. Watoto walichuma wakala palepale chini ya mti, mikono na videvu vikiwa vimelowa, kwa sababu tunda halihitaji kibanda. Lakini yule wa tatu alipotoa andazi mfukoni, dada yake alimtazama tu, bila ya neno, naye akalirudisha. Baba na mama walikuwa mbali hawaoni. Jiulize, msomaji: ni wangapi kati yetu wenye watoto wanaolindana hivyo, mdogo na mkubwa, kwa jambo ambalo hakuna mlinzi wala adhabu?

Kibanda kilisimamishwa juu zaidi, karibu na mahali paitwapo Hogback, ambapo ardhi huanguka ghafla kuelekea kusini na jicho likavuka mpaka wa jimbo, milima nyuma ya milima. Kabla ya kugusa mrija hata mmoja walisimama wote wakielekea bonde, wakasema baraka fupi wanayoisema wakiona milima mikubwa, ya kumshukuru Aliyeumba. Kisha kazi ikaanza, nasi tukafunguliwa mlango wa turubai kama wageni wa sultani. Wao wana imani, au tuseme wana ada tamu, kuwa kila siku ya sikukuu huingia kibandani mgeni mmoja wa ghaibu, na majina yao yanajulikana kwa kila mtoto wa chuo na wa kanisa kwetu: Ibrahimu, Is-haka, Yakubu, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, na kwa kuwa aketipo mgeni wa ghaibu haifai kumfungia mlango mgeni wa nyama na damu, hawali kwa furaha kama hawana mtu wa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Chakula kilikuwa kile kile cha nyumbani, supu katika chupa la kuhifadhi moto, mkate uliosokotwa kama msuko wa nywele, samaki baridi. Tulikuwa katikati yake mvua nyepesi ilipoanza, ikapenya mianzini kama ilivyopaswa kupenya. Watoto wote walimtazama baba yao. Sharia imemruhusu mtu kutoka kibandani mvua inapofikia kiasi cha kuharibu uji bakulini, wala haimtaki atoke kabla, kwani kutoka kwa mvua ni kama mtumishi aliyemletea bwana wake kinywaji bwana akamrudishia usoni. Baba aliitazama supu yake, akaionja, akasema bado ni supu. Tukaendelea kula, tumesogeleana, mke wangu ameufunika mkate kwa upande wa kanga yake, na baada ya muda mvua ikapita.

Hapo ndipo ilinijia safari yangu mwenyewe. Miaka kadhaa kabla yake, kwa fedha niliyoipata kwa taabu, niliwachukua wanangu watatu kwenda maporomoko ya Niagara. Nilitaka wasikose kitu. Kila mmoja alikula alichokitaka, saa aliyoitaka, pale alipopataka. Kila mmoja alikuwa na chombo chake cha kutazama na nyuzi zake masikioni. Nilifungua pochi mara nyingi kuliko nilivyofungua kinywa. Nilidhani hiyo ndiyo ihsani ya mzazi. Mwaka mmoja baadaye niliwauliza wanakumbuka nini, wakasema wanakumbuka maji. Hapana hata mmoja aliyetaja kwamba tulikuwa pamoja, na haki walikuwa nayo, kwa sababu sikuwapa kazi yoyote ambayo isingefanyika bila ya wao. Hawakuwa na mrija wa kushika. Sasa ni watu wazima, kila mmoja katika mji wake, na siwezi kuirudisha safari ile.

Nami nawasikia wazazi wengi wa kwetu walioko ugenini, Waswahili wa Minnesota na Ohio na Toronto, wakilalamika kuwa watoto hawataki tena kutembea nao. Hunena habari za fedha, na ni kweli petroli ni ghali na vyumba vya kulala ni ghali zaidi. Lakini nilipigia hesabu safari ya jirani yangu: watu saba na wageni wawili, na njiani hawakununua ila kikapu cha matufaha na mafuta ya gari. Sharia iliyowanyima mkahawa imewaachia fedha yao. Mama amepika siku mbili, ndiyo, na jambo hilo silidharau. Nilimwuliza kama hachoki, akaniambia kuwa anachoka, na kwamba wanawe wa kiume ndio waliomenya viazi.

Nia ya mkeka

Tulirudi jua likizama mbele yetu, na mwezi, uliokuwa umekwisha kupungua ukingo mmoja, ukapanda nyuma yetu katika kioo. Tulipofika, watoto walioamshwa usingizini hawakuingia nyumbani, bali walikwenda moja kwa moja uani, katika kibanda kikubwa, kwa chakula cha usiku. Nilipokuwa nimeketi humo, nikitazama jamvi la mianzi lililonunuliwa dukani, nilimwambia jirani yangu kuwa nyumbani kwangu nina mkeka wa ukindu, kazi ya shangazi yangu wa Pangani, mzuri kuliko jamvi hili, na ningependa autumie kwa paa mwakani.

Alinyamaza kidogo, kwa adabu, kisha akaniuliza shangazi aliufuma kwa ajili ya nini. Nikasema, kwa kulalia. Basi haufai, akasema kwa huruma. Mkeka uliosukwa kwa kulaliwa haufai kuwa paa, na uliosukwa kwa kivuli unafaa, hata kama majani ni yaleyale na mkono ni uleule. Ni nia ya msukaji mwanzoni. Kama shangazi angeusuka kwa nia ya paa, jirani yangu angemwuliza rabi wake, kwa sababu katika nchi ambako watu hulalia mikeka mas-ala huwa magumu zaidi. Neno alilolitumia lilikuwa la Kiebrania, lakini mimi nililisikia kwa lugha yangu, maana sala yangu haisihi bila ya nia, wala udhu wangu, wala mfungo wangu.

Wiki ile nilimpigia shangazi simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza baridi imeanza? Nikamweleza kuwa nataka anisukie mkeka mwingine, wa ukindu usiotiwa rangi, si wa kulalia bali wa kuezekea banda la jirani yangu Myahudi, na kwamba namwomba, kabla hajashika jani la kwanza, aseme moyoni mwake kuwa ni wa kivuli. Nilitazamia aulize Mayahudi ni nani, na kwa nini waezeke kwa mkeka, na kama nina afya njema. Hakuuliza hayo. Alinyamaza kama anayepima kitu kwa mikono, kisha akasema:

"Nimeitia nia, mwanangu. Upana gani?"